Tuatara, Mzee wa Visiwa vya Nyuzilandi

Mtu wa kwetu akionyeshwa tuatara kwa mara ya kwanza hatasita kumpa jina. Akiwa mkubwa atasema ni kenge. Akiwa mdogo atasema ni mjusi. Wala hatakuwa peke yake katika kosa hilo. Mwaka 1831 mtaalamu John Edward Gray, wa jumba kubwa la makumbusho la London, alipata fuvu la mnyama huyu, akamhesabu katika ukoo wa mijusi. Wenye elimu wa Ulaya wakamfuata kwa muda wa miaka zaidi ya 30. Ndipo mwaka 1867 Albert Günther, wa jumba lile lile, alipoichunguza mifupa yake mmoja mmoja, akaonyesha kwamba mnyama huyu si mjusi kamwe, bali ni wa ukoo mwingine kabisa, ambao jamaa zake wote wamekwisha kuwa mawe ardhini.

Tukitaka kuelewa uzito wa neno hilo, na tuwatazame wanyama watambaao jinsi walivyo leo ulimwenguni. Wako wa koo kuu nne tu. Ukoo wa kwanza ni wa kobe na kasa. Wa pili ni wa mamba. Wa tatu ni wa mijusi pamoja na nyoka, nao ni wengi mno, aina zaidi ya 10,000: kinyonga yumo, kenge yumo, chatu yumo, na mjusi yule ashikaye nzi ukutani karibu na taa yumo pia. Ukoo wa nne una aina moja peke yake, nayo ni tuatara. Ukoo wake ulitengana na ule wa mijusi na nyoka yapata miaka milioni 250 iliyopita. Maana yake ni kwamba mjusi wa nyumbani na nyoka ni ndugu wa karibu zaidi kuliko mjusi huyo na tuatara, ingawa macho yetu yatuambia kinyume.

Tusidhani kwamba ukoo huu ulikuwa mdogo tangu mwanzo. La. Mifupa yao imechimbuliwa Uingereza na Ujerumani, imepatikana Morocco, na hata huku kusini mwa Afrika yetu, katika Zimbabwe na Afrika Kusini. Wengine walikuwa wadogo wala wadudu. Wengine walikula majani. Wengine waliingia baharini wakawa na mwili mrefu wa kuogelea. Katika Argentina walikuwako waliofikia urefu wa meta moja. Kisha wakapungua, nchi moja baada ya nyingine, mpaka wakabaki mahali pamoja tu, penye mwisho wa dunia kwa mtu atazamaye ramani kutoka Afrika.

Mahali hapo ni Nyuzilandi. Nchi hiyo ilijitenga na bara kubwa la kusini yapata miaka milioni 80 iliyopita, ikachukuliwa polepole katika bahari, nayo ilikuwa imekwisha kumchukua tuatara. Watu walipofika huko hawakukuta paka, wala mbweha, wala nguchiro, wala panya. Mnyama anyonyeshaye wa nchi kavu hakuwako isipokuwa popo. Ndege walijisahau, wengine wakaacha hata kuruka. Katika nchi kama hiyo mnyama mpole, mwenye baridi mwilini na mwendo wa taratibu, aliweza kuishi bila kuulizwa na mtu.

Basi, twende tumtafute. Mji mkuu wa Nyuzilandi ni Wellington, nao umekaa kwenye ncha ya kusini ya Kisiwa cha Kaskazini. Mbele yake ni mlangobahari wa Cook, unaotenganisha kisiwa hicho na Kisiwa cha Kusini. Upepo wa hapo ni maarufu kwa ukali. Pande zote mbili zina milima, nao upepo hupita katikati kama katika mlango uliosahauliwa wazi. Upande wa magharibi wa mlangobahari, kaskazini ya kisiwa kiitwacho D'Urville, kuna mwamba mkubwa uliosimama majini. Wamaori, ambao ndio wenyeji wa nchi, hukiita kisiwa hicho Takapourewa. Wazungu walikiita Stephens. Kina kilometa moja na nusu tu ya mraba, na kilele chake ni meta 283 juu ya bahari. Kingo zake ni magenge. Mtu hashuki hapo pasipo ruhusa, na hakuna hoteli wala duka. Walakini katika kipande hiki kidogo, ambacho mtu angeweza kukizunguka kwa macho akiwa juu, hukadiriwa kwamba wako tuatara 30,000 na zaidi. Hakuna mahali pengine ulimwenguni walipo wengi hivyo.

Mchana mgeni ataona kidogo. Ataona ardhi iliyotobolewa matundu kila mahali, hata mguu wazama ukikanyaga vibaya. Matundu hayo mengi hayakuchimbwa na tuatara, bali na ndege wadogo wa bahari, wenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na buluu, ambao huja kwa maelfu kutaga mayai chini ya ardhi. Huenda baharini kutafuta chakula na kurudi usiku. Jua likizama, anga hujaa mabawa na kelele, ndege huanguka juu ya majani na vichwa vya watu, kila mmoja akitafuta tundu lake. Ndipo tuatara naye hutoka mlangoni pake na kukaa kimya.

Yafaa kueleza namna ndege na tuatara wanavyohitajiana, au tuseme ukweli, namna tuatara anavyomhitaji ndege. Kinyesi cha ndege hunenepesha udongo. Udongo hulisha majani, majani na mizoga hulisha wadudu: mende, viwavi, buibui, na wadudu wakubwa wa jamii ya panzi waitwao weta. Tuatara huwala hao wote. Tena tundu la ndege huwa nyumba yake. Wachunguzi wamegundua kwamba tuatara alalaye tunduni pamoja na ndege hupata joto zaidi usiku kuliko alalaye peke yake. Na pamoja na wema huo wote, mpangaji huyu mara nyingine hula yai la mwenye nyumba, au kifaranga chake, na hata ndege mzima hukatwa kichwa. Sisi husema asante ya punda ni mateke. Hata hivyo ndege ni wengi mno, na kila mwaka hurudi katika matundu yale yale.

Sasa tumtazame mwenyewe. Dume kubwa hufika sentimeta 60 toka pua hata ncha ya mkia, na uzito wake ni kama kilo moja. Jike ni dogo. Rangi ni ya kijani chenye kijivu au ya udongo, yenye madoa. Mgongoni ana safu ya miiba laini kama karatasi iliyokunjwa, na kutokana nayo Wamaori wamempa jina, maana tuatara katika lugha yao ni vilele vya mgongoni. Hana tundu la sikio linaloonekana. Kinywani ana ajabu yake: taya la juu lina safu mbili za meno, na taya la chini lina safu moja iingiayo katikati ya hizo mbili. Akifunga kinywa, taya la chini husogea mbele, likakata kama msumeno. Meno yenyewe hayakupandwa katika mashimo ya taya kama yetu, bali yameungana na mfupa, na yakivunjika au kulika hayaoti mengine. Kwa hiyo mzee sana hubaki na kingo za mifupa tu, naye hulazimika kula vitu laini, kama minyoo na konokono.

Utosini ana jicho la tatu. Si hadithi. Lina lenzi, lina utando wa kupokea mwanga, lina mshipa uendao ubongoni. Katika mtoto aliyetoka yaini jicho hili laonekana wazi kama doa jeupe. Baada ya miezi michache magamba hulifunika. Halioni sura ya kitu. Wataalamu wengi hudhani kwamba hupima mwanga, na kumsaidia mnyama kujua saa na majira. Mijusi wengine nao wana jicho la namna hii, ila la tuatara limetengenezwa vizuri zaidi.

Lakini ajabu kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni uvumilivu wake wa baridi na wa wakati. Mjusi wa nchi zetu asubuhi ya baridi ni kama amekufa, mpaka jua limwamshe. Tuatara hutembea na kuwinda katika baridi ya digrii 10 na chini yake. Joto limfaalo ni kati ya digrii 16 na 21. Likipita digrii 28 kwa muda mrefu laweza kumwua. Kila kitu kwake huenda polepole. Aweza kuzuia pumzi karibu saa nzima. Hukua mpaka umri wa miaka 35 hivi. Hazai kabla ya kufikia miaka 10 au zaidi, na wengine hungoja karibu 20. Jike hutaga mara moja tu katika miaka miwili mpaka mitano, na mayai yake huwa machache, mara nyingi kati ya 5 na 15. Huyafukia ardhini mahali penye jua, na kukaa hapo siku kadhaa akilinda, kwa sababu majike wengine hutafuta udongo mwororo na kufukua mayai ya wenzao ili wafukie yao. Kisha huondoka. Mayai hukaa ardhini miezi 11 mpaka 16. Mzazi wa kike wa mbuzi angekuwa amekwisha kuzaa mara mbili, na tuatara yumo bado yaini.

Mnyama wa namna hii huishi sana. Katika jumba la makumbusho la Invercargill, kusini kabisa mwa Nyuzilandi, alikuwako dume jina lake Henry, aliyeletwa mwaka 1970. Alikuwa mkali, mwenye kuuma wenzake, hata ikabidi akae peke yake miaka mingi. Baadaye madaktari walimpasua na kumtoa uvimbe chini ya mkia, na hasira yake ikatulia. Mwaka 2008 alipanda jike liitwalo Mildred, na mwezi wa Januari 2009 watoto 11 wakatoka yaini. Baba yao alikadiriwa kuwa na umri wa miaka 111.

Tukumbuke kwamba Wamaori hawakuhitaji jumba la makumbusho kuwaambia kwamba mnyama huyu si wa kawaida, kama vile Wambuti wa msitu wa Ituri walivyomjua okapi kabla wataalamu wa Ulaya hawajamwandika mwaka 1901. Kwao tuatara alikuwa mjumbe wa Whiro, roho ya mauti na maafa, akaogopwa. Mahali pengine alihesabiwa kuwa mlinzi wa mambo yaliyokatazwa. Leo kabila la Ngāti Koata ndio walezi wa Takapourewa, nao huheshimiwa katika kila shauri la kisiwa. Vivyo hivyo mwaka 2020, wataalamu walioongozwa na Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago walipochapisha maandishi yote ya urithi yaliyomo katika chembe za tuatara, walifanya kazi hiyo kwa mapatano na kabila la Ngātiwai. Waliona kwamba maandishi hayo ni marefu kuliko yetu wanadamu kwa kiasi cha theluthi mbili, na kwamba yamebadilika polepole mno. Hata hivyo wataalamu hawapendi tena kumwita mnyama aliyebaki vile vile tangu kale. Amebadilika, lakini kwa mwendo wake.

Kwa nini basi amebaki visiwani tu? Zamani alienea pote katika visiwa viwili vikubwa vya Nyuzilandi. Mifupa yake imo mapangoni na katika mchanga wa pwani. Mababu wa Wamaori walipofika katika karne ya 13 walikuja na panya mdogo wa visiwa vya Pasifiki, aitwaye kiore. Panya ni mnyama wa usiku, hupita kwenye matundu, hula yai na mtoto. Tuatara mkubwa haogopi panya. Lakini mayai yaliyofukiwa zaidi ya mwaka mzima bila mlinzi yatasalimikaje? Wazungu walipokuja kuhamia, bara lilikuwa limekwisha kubaki tupu. Wao wakaongeza panya wakubwa, paka na vicheche. Katika visiwa vidogo ambamo panya walikuwa wameingia, wachunguzi waliona jambo la kusikitisha: tuatara wapo, lakini wazee tu. Mtu apitaye angesema wanyama ni salama. Kumbe katika nyumba ile hakuna mtoto.

Kisiwa cha Takapourewa chenyewe kiliponea chupuchupu. Mwaka 1894 mnara wa taa ya meli uliwashwa huko. Watunzaji wakaja na jamaa zao, miti ikakatwa, kondoo wakaletwa, na paka wakaingia. Palikuwako ndege mdogo sana asiyeweza kuruka, akimbiaye katikati ya mawe kama panya, ambaye wakati huo alikuwa amebaki katika kisiwa hicho peke yake. Mmoja wa watunzaji, David Lyall, aliwapokea kutoka kwa paka maiti za ndege huyo, akazipeleka kwa wataalamu. Hivyo ulimwengu ulipata habari kwamba yuko, na katika muda wa miaka michache hakuwako tena. Paka walizidi, wakageuka kuwa wa mwitu, mpaka walipomalizwa mwaka 1925. Panya, kwa bahati, hawakufika kamwe. Tuatara alikuwa amekingwa na sheria tangu mwaka 1895, maana wanunuzi na majumba ya makumbusho ya Ulaya walikuwa wakimchukua kwa mamia. Lakini ni wazi kwamba karatasi ya sheria isingalimfaa kitu kama meli moja tu ingalishusha panya wawili.

Kazi ya kumrudisha ilianza kwa kuwaondoa panya, kisiwa baada ya kisiwa. Katika kisiwa cha Hauturu, karibu na mji wa Auckland, watu walidhani tuatara amekwisha, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipopatikana wanane tu. Wakawekwa mahali palipozungushiwa ukuta, mayai yao yakaanguliwa kwa uangalizi, na panya wa kisiwa wakamalizwa mwaka 2004. Huko Wellington, katika bonde lililokuwa la hifadhi ya maji ya mji, watu walijenga ua wa waya mrefu wa kilometa 8.6, uliotengenezwa ili hata panya mchanga asipenye wala paka asipande. Ndani yake mna hektari 225 za msitu, na mahali hapo huitwa Zealandia. Mwaka 2005 tuatara 70 kutoka Takapourewa waliachwa huru humo, na wengine 130 wakafuata mwaka 2007. Mwezi wa Machi 2009 akaonekana mtoto, wa kwanza kuzaliwa bara pasipo msaada wa mtu katika miaka kama 200. Leo mtu wa Wellington aweza kutoka kazini, akapanda basi, akamwona mnyama ambaye babu yake angalihitaji mashua na ruhusa ya serikali kumfikia. Nadhani hakuna mji mkuu mwingine wenye bahati hiyo.

Lakini iko hatari ambayo ua hauizuii. Kwa tuatara, kama ilivyo kwa mamba wetu, mtoto huwa dume au jike kwa kadiri ya joto la ardhi alipolala yai. Kwa mamba joto la kati ndilo litoalo madume. Kwa tuatara baridi hutoa majike, na joto hutoa madume. Mpaka wa mambo haya ni mwembamba ajabu: ardhi yenye digrii 18 hutoa majike, kwenye digrii 21 hivi huwa nusu kwa nusu, ikifika digrii 22 na kupita, karibu wote ni madume. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile tuipatayo kwa kuhama kivulini na kukaa juani.

Sasa twende katika kisiwa cha North Brother, katika mlangobahari ule ule wa Cook. Ni jabali la hektari nne, lenye mnara wa taa na vichaka vichache, na tuatara wake ni mamia machache tu. Humo madume wamekwisha kuwa zaidi ya wawili kwa kila jike moja. Madume yakizidi hugombana na kuwasumbua majike. Majike hukonda, na kutaga kwao huchelewa zaidi. Dunia inazidi kupata joto, na kisiwa cha mwamba hakina bonde la kivuli ambamo jike angehamishia mayai yake. Mwaka 2008 wataalamu walikokotoa kwamba joto likizidi kupanda kwa kiasi kikubwa, kufikia miaka ya 2080 viota vya North Brother vitatoa madume matupu. Miaka hiyo kwetu ni mbali. Kwa tuatara si mbali, kwa maana mtoto atokaye yaini leo atakuwa bado kijana wa makamo wakati huo, akitafuta mke asiyekuwako.

Yako yanayoweza kufanywa. Viota vyaweza kuwekewa kivuli. Mayai yaweza kuchukuliwa na kuanguliwa katika joto lililochaguliwa, na kazi hiyo imekwisha kufanyika miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Victoria huko Wellington. Tena wanyama wenyewe waweza kuhamishiwa kusini, penye baridi. Mwaka 2012 tuatara waliachwa katika msitu wa Orokonui, uliozungushiwa ua karibu na mji wa Dunedin, mahali penye baridi kuliko kisiwa chochote wanamoishi sasa kwa asili yao. Mifupa ya kale huonyesha kwamba ukoo wao uliwahi kukaa pande hizo za kusini. Swali ni kama udongo wa huko utapata joto la kutosha mayai yakomae. Majike waliopelekwa hutaga mara moja katika miaka kadhaa, na mayai hungoja zaidi ya mwaka. Kwa hiyo walinzi wa Orokonui hupita na kutazama milango ya matundu, wakati wa kiangazi hasa, siku za jua, ambapo tuatara hutoka na kujianika.